Lafudhi za Kiingereza nchini Tanzania

Lafudhi za Kiingereza nchini Tanzania ni namna ambazo Watanzania hutamka lugha ya Kiingereza, ambayo kwa karibu wote ni lugha ya pili au ya tatu baada ya lugha ya kabila na Kiswahili. Lafudhi hizo zina utaratibu wake. Hutokana hasa na mfumo wa sauti wa Kiswahili, na kwa kiasi fulani na lugha ya kwanza ya msemaji pamoja na matamshi ya walimu waliomfundisha.

Kuwa na lafudhi si sawa na kukosea lugha. Kila msemaji wa Kiingereza ana lafudhi, awe mtu wa London, Chicago, Mumbai au Singida. Kwa mwanafunzi maswali yenye uzito ni mawili: je, anaeleweka na watu wa lafudhi nyingine, na je, yeye anawaelewa? Makala hii inaeleza maswali hayo kwa kutumia mifano ya mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, ambako Kiingereza kinachosikika sana ni cha watu wasiozaliwa nacho.

## Maana ya lafudhi

Katika isimu, lafudhi inahusu matamshi tu: irabu, konsonanti, mkazo, kiimbo na mwendo wa usemi. Ni tofauti na lahaja, ambayo huhusu pia msamiati na sarufi. Mtu anaweza kuandika Kiingereza sanifu kabisa, kisha akakisoma kwa sauti yenye athari ya Kinyiramba au Kisukuma. Hali hiyo ipo katika Kiswahili pia. Msikilizaji wa redio hutambua mara moja kama msemaji ametoka Unguja, Mombasa, Usukumani au Bukavu, ingawa wote wanasema Kiswahili na wote wanaeleweka.

Uingereza yenyewe haina lafudhi moja. Matamshi ya watu wa Glasgow, Liverpool na London hutofautiana sana. Yale yaliyochukuliwa kuwa kielelezo katika kamusi na vitabu vya shule vilivyoletwa Afrika Mashariki huzungumzwa na sehemu ndogo tu ya Waingereza.

## Historia

Kiingereza kilipata nafasi rasmi Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilipochukua utawala kutoka Ujerumani. Tangu mwanzo lugha hiyo haikufika kwa lafudhi moja. Katika eneo la Singida maofisa wa serikali walikuwa Waingereza, lakini wamisionari wa Kilutheri walioanza kazi Iramba katika miaka ya 1920, na baadaye Unyaturu, walitoka Marekani. Walikuwa wa Sinodi ya Augustana, iliyoanzishwa na wahamiaji kutoka Uswidi. Hivyo Kiingereza cha bomani na kile cha misheni vilikuwa na lafudhi tofauti. Madukani kulikuwa na wafanyabiashara wenye asili ya India, nao walikuwa na matamshi yao.

Mwaka wa uhuru, 1961, walianza kufika Tanganyika Wamarekani wa kujitolea wa Peace Corps, ambao wengi wao walifundisha shuleni. Mpango huo ulisimama mwaka 1969 na kurejea mwaka 1979.

Mwaka 1967, kufuatia siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo. Sekondari ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike pia katika sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine.

Kuanzia mwaka 2004 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliongeza sana shule za kata. Watoto wengi wa vijijini, wakiwemo wa Ikungi, Mkalama na Manyoni, walipata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Kwa wengi wao mwalimu ndiye mtu pekee wanayemsikia akizungumza Kiingereza kila siku, na lafudhi yake huwa ndiyo kielelezo chao.

## Lugha za mkoa wa Singida

Miongoni mwa lugha za mkoa ni Kinyaturu (kiitwacho pia Kirimi), Kinyiramba na Kiisanzu, ambazo ni za Kibantu. Upande wa Manyoni na Itigi wapo Wagogo na Wakimbu, na wapo pia Wasukuma waliohamia mkoani. Wataturu huzungumza lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa Mkalama wana lugha yenye konsonanti za kidoko, isiyofanana na yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo darasa moja la kidato cha kwanza linaweza kuwa na wanafunzi wa lugha za kwanza tatu au nne. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na kwa sababu hiyo Kiingereza chao hufanana kwa mambo mengi. Lugha ya kwanza huongeza alama zake. Kwa mfano, Kisukuma hakitenganishi R na L kama Kiswahili kinavyofanya, na msemaji wake huweza kuchanganya sauti hizo katika Kiingereza.

Lugha ya kwanza inaweza pia kuwa mtaji. Kiswahili kina irabu tano, lakini Kinyaturu na Kisukuma zina irabu saba kila moja, kukiwa na aina mbili za I na aina mbili za U. Mwanafunzi aliyekulia katika lugha hizo amezoea tangu utotoni kusikia tofauti ambayo Kiswahili hakina, na tofauti ya namna hiyo inahitajika katika Kiingereza.

## Sifa za matamshi

### Irabu

Kiingereza cha kamusi za Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu zipatazo 20, zikiwemo irabu unganifu. Msemaji wa Kiswahili huzigawa katika vyumba vitano alivyonavyo. Hapo maneno mawili au matatu huangukia chumba kimoja:

* "ship" (meli) na "sheep" (kondoo) hutamkwa kwa I moja;
* "full" (-liojaa) na "fool" (mpumbavu) hutamkwa kwa U moja;
* "cat" (paka), "cut" (kata) na "cart" (mkokoteni) hutamkwa kwa A moja;
* "pot" (chungu) na "port" (bandari) hutamkwa kwa O moja.

Maneno yaliyokopwa yanaonyesha jinsi masikio ya Waswahili yalivyozipokea irabu hizo. Irabu iliyomo katika "shirt" na "nurse" ni moja kwa Mwingereza, lakini Kiswahili kimeipokea kama A katika neno *shati* na kama E katika neno *nesi*. Hakuna kosa hapo, kwa sababu sauti hiyo haimo katika Kiswahili na ilibidi ipewe makao katika sauti iliyo karibu nayo.

### Konsonanti

Kiswahili sanifu kina sauti TH na DH, kama katika *thelathini* na *dhahabu*, zilizoingia kwa maneno ya Kiarabu. Kwa hiyo Mswahili wa pwani huzitamka sauti hizo za Kiingereza bila taabu, wakati Wafaransa, Wajerumani na Wachina wengi hupata shida nazo. Bara, wengi husema "selasini" na "zahabu", na mazoea hayo huhamia katika Kiingereza: "think" (fikiri) huwa kama "sink" (zama).

Konsonanti za mwisho wa neno zina ugumu mwingine. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo msemaji huweza kuongeza irabu ndogo mwishoni, au kudhoofisha konsonanti ghuna. Hapo "bag" (mfuko) na "back" (mgongo) hukaribiana.

### Silabi

Kiswahili hupendelea silabi ya konsonanti na irabu. Neno la Kiingereza lenye konsonanti zilizofuatana hupewa irabu ya kuzitenganisha. Ndivyo "club" ilivyokuwa *kilabu* na "brush" ikawa *burashi*. Watu waliosoma zaidi hupunguza irabu hizo, lakini wakizungumza kwa haraka huweza kurudi.

### Mkazo na mwendo

Hili ndilo jambo linalosahaulika mara nyingi. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila silabi hutamkwa kwa ukamilifu. Katika Kiingereza mkazo huhama: katika "photograph" uko silabi ya kwanza, katika "photography" uko ya pili, katika "photographic" uko ya tatu. Silabi zisizo na mkazo hufifia hadi irabu zake kutosikika wazi.

Matokeo yake ni ya pande mbili. Mtanzania hutamka kila irabu kama ilivyoandikwa, na mgeni husikia usemi ulio wazi lakini wenye mkazo asioutarajia. Mtanzania anapomsikiliza Mwingereza au Mmarekani, huona kwamba nusu ya silabi zimemezwa. Maneno anayoyajua vizuri kwenye karatasi humpita sikioni.

## Kuelewa na kueleweka

Utafiti wa isimu umetenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing wa Kanada walionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito ya kigeni na bado kila neno lake likaeleweka. Uzito wa lafudhi na kiasi cha kueleweka ni vipimo viwili tofauti.

Mwaka 2003 Tessa Bent na Ann Bradlow walieleza matokeo mengine yenye maana kwa shule. Wasikilizaji wasiozaliwa na Kiingereza waliweza kumwelewa msemaji hodari wa lugha yao ya kwanza sawasawa na walivyomwelewa Mwingereza au Mmarekani wa kuzaliwa. Kwa hiyo mwalimu wa Kitanzania anayeijua lugha vizuri hana sababu ya kuiona lafudhi yake kuwa kizuizi kwa wanafunzi wa Kitanzania. Upungufu hujitokeza baadaye, mwanafunzi anapokutana na lafudhi asiyowahi kuisikia.

Upungufu huo hauhitaji miaka kuuziba. Constance Clarke na Merrill Garrett walichapisha mwaka 2004 majaribio yaliyoonyesha kwamba msikilizaji huanza kuizoea lafudhi ngeni ndani ya dakika moja hivi. Bradlow na Bent waliongeza mwaka 2008 kwamba anayewasikia wasemaji kadhaa wa lafudhi hiyo humwelewa kwa urahisi zaidi msemaji mpya.

Msikilizaji naye ana wajibu wake. Mwaka 1992 Donald Rubin aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani mhadhara mmoja uliorekodiwa na Mmarekani. Wengine walionyeshwa picha ya mhadhiri mwenye sura ya Kizungu, wengine yenye sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ileile, lakini waliooneshwa sura ya Kiasia waliona lafudhi ya kigeni na walielewa kidogo zaidi. Kumbe wakati mwingine kizuizi kimo katika matarajio ya anayesikiliza.

Mtaalamu wa Uingereza Jennifer Jenkins alipendekeza mwaka 2000 orodha ya mambo ya matamshi yanayohitajika ili wasemaji wa mataifa mbalimbali waelewane. Miongoni mwake ni tofauti ya irabu ndefu na fupi, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na mkazo kwenye neno kuu la sentensi. Sauti za TH hakuziingiza, kwani kuzikosa huleta utata mara chache.

Mawasiliano ya ndege yanakubaliana na wazo hilo. Marubani na waongozaji wa ndege hufundishwa kutamka namba tatu kwa Kiingereza bila TH, yaani "tree", na namba tisa kwa kuongeza silabi, "niner", ili zisichanganywe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka rubani wa safari za kimataifa afike angalau ngazi ya nne kati ya sita za ustadi wa lugha. Katika ngazi hiyo athari ya lugha ya kwanza inakubaliwa, mradi izuie uelewano wakati mwingine tu.

## Lafudhi zinazokutana Singida

Mkazi wa Singida anaweza kuishi miaka mingi bila kuzungumza na Mwingereza. Kiingereza anachokihitaji ni cha watu wengine. Kampuni za China zilishiriki kujenga barabara ya lami kutoka Singida kuelekea Babati. Reli ya kisasa inayopita Manyoni na Itigi, katika kipande cha Makutupora hadi Tabora, ilikabidhiwa kampuni ya Uturuki. Walimu kutoka Kenya na Uganda wamefundisha katika shule za mchepuo wa Kiingereza sehemu nyingi nchini, na filamu za Nigeria hutazamwa majumbani. Katika mazungumzo hayo yote hakuna upande uliozaliwa na Kiingereza.

Baadhi ya mambo yanayomchanganya msikilizaji wa Kitanzania ni haya:

* Wamarekani hutamka R popote ilipoandikwa, na T iliyo kati ya irabu hulainika, hata "water" (maji) husikika karibu na "wara".
* Waingereza wengi huiacha R isiyofuatwa na irabu, kwa hiyo "farm" (shamba) husikika "faam".
* Wahindi wengi hutamka T na D kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma, na huweza kukaribisha V na W.
* Wachina wengi hudhoofisha au kuacha konsonanti za mwisho wa neno.
* Waturuki wengi hutumia T na D badala ya TH, na huweza kuchanganya V na W.

Namba ni eneo la hatari zaidi. "Fifteen" (15) na "fifty" (50) hutofautishwa kwa mkazo na kwa N ya mwisho, vitu viwili ambavyo hupotea kwa urahisi katika lafudhi nyingi. Katika kipimo cha dawa, saruji au malipo ya kibarua, tofauti hiyo si ndogo. Njia salama ni kutaja tarakimu moja moja, "one, five" au "five, zero", kisha kuandika.

Vivyo hivyo "can" (naweza) na "can't" (siwezi). Mmarekani huimeza T ya mwisho, na Mtanzania anayeisubiri T husikia kinyume cha kilichosemwa. Dalili iko kwenye irabu: "can" ya kawaida hutamkwa kwa wepesi na haraka, "can't" hutamkwa kwa uzito.

## Shuleni na katika mitihani

Kwa miaka mingi mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa wa kuandika, bila sehemu ya kusikiliza wala kuzungumza. Kisichotahiniwa hufundishwa kidogo. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri na bado akashindwa kufuata maelezo ya mgeni.

Mitihani ya kimataifa hupima tofauti. Sehemu ya kusikiliza ya mtihani wa IELTS, unaodaiwa na vyuo vingi vya nje, hutumia lafudhi mbalimbali za Kiingereza. Katika kuzungumza, mtahiniwa mwenye lafudhi ya lugha yake ya kwanza anaweza kupata alama za juu sana ikiwa lafudhi hiyo haizuii kueleweka.

## Mitazamo ya jamii

Kiingereza, kiitwacho mitaani *kimombo* au *ung'eng'e*, kina heshima kubwa Tanzania, na anayekivunja huchekwa. Msemo "Kiingereza cha kuombea maji" humkejeli mtu mwenye maneno machache. Wapo wanaochekwa kwa kutamka "kikwao", na wapo wanaochekwa kwa kujitahidi kutamka kama Wazungu. Kati ya kejeli hizo mbili mwanafunzi wa kidato cha kwanza mara nyingi huchagua kunyamaza, na kunyamaza humnyima mazoezi anayoyahitaji. Mtoto anayeogopa kuuliza swali la Fizikia kwa Kiingereza hukosa Kiingereza na Fizikia kwa pamoja.

Mifano ya viongozi haiungi mkono kejeli hiyo. Julius Nyerere alisoma Edinburgh hadi mwaka 1952 na alitafsiri tamthilia za Shakespeare, lakini alihutubia mataifa kwa lafudhi ya Afrika Mashariki. Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995. Salim Ahmed Salim aliongoza Sekretarieti ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001, na Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Kazi hizo zote zilihitaji kueleweka na watu wa kila bara.

## Njia za kujifunza

Njia zifuatazo hazihitaji maabara ya lugha:

* Kuanzia kwa sauti zilizopo. Tofauti ya *kufa* na *kufaa*, au *kupa* na *kupaa*, humsaidia mwanafunzi kuelewa wazo la irabu fupi na ndefu kabla ya kufika kwenye "ship" na "sheep". Kwa wasemaji wa Kinyaturu na Kisukuma, irabu saba za lugha zao ni mlango mwingine.
* Kuweka alama ya mkazo. Kila neno jipya linaloandikwa ubaoni lipigiwe mstari chini ya silabi yenye mkazo, katika masomo yote.
* Kusikiliza lafudhi nyingi. Taarifa fupi ya habari ya redio au simu, ikisikilizwa mara mbili kutoka kwa wasomaji tofauti, huzoesha sikio kuliko kusikia sauti moja muda mrefu.
* Imla. Zoezi hili la zamani hupima usikivu bila gharama, hasa likisomwa na walimu wawili tofauti kwa zamu.
* Kuomba kurudiwa. Kusema "sikuelewa, tafadhali rudia taratibu" ni sehemu ya ustadi wa lugha, na msemaji mwenyewe hujifunza kubadili neno lisiloeleweka badala ya kulirudia kwa sauti kubwa.

## Tazama pia

* Fonolojia
* Kinyaturu
* Kinyiramba
* Lugha ya kufundishia
* Mkoa wa Singida